James Lind: Daktari aliyepata dawa ndani ya chungwa, kisha akaichemsha

Blenda imekuwa kifaa cha kawaida katika nyumba nyingi, na mashine za kukamua juisi nazo zinazidi kununuliwa. Pamoja nazo zimekuja ahadi nyingi. Utasikia kwamba juisi ya tunda hili huondoa kisukari, juisi ya majani yale husafisha figo, na juisi ya mzizi fulani humaliza presha. Wapo wagonjwa wanaoacha vidonge vyao kwa sababu ya ahadi hizo. Wapo pia wazazi wanaomnywesha mtoto chupa nzima ya juisi kila siku wakiamini wanamjengea kinga.

Kabla ya kuanza kukamua, ni vizuri kumfahamu mtu aliyeonyesha kwa ushahidi kwamba maji ya matunda yanaweza kumwinua mgonjwa aliyekuwa anakaribia kufa. Huyo ni James Lind, daktari wa Scotland aliyeishi zaidi ya miaka 200 iliyopita. Maisha yake yanatufundisha mambo mawili: juisi inaweza kufanya nini, na namna tunavyoweza kuiharibu kwa mikono yetu wenyewe.

Kijana wa Edinburgh

Lind alizaliwa mwaka 1716 mjini Edinburgh. Mwaka 1731, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alipelekwa kujifunza kazi kwa daktari mmoja wa upasuaji mjini humo. Wakati ule vijana wengi walijifunza udaktari hivyo: unamfuata mkubwa wako, unambebea vifaa, unatazama anavyotibu, na kidogo kidogo unaachiwa wagonjwa.

Mwaka 1739 aliingia katika jeshi la majini la Uingereza akiwa msaidizi wa daktari. Alisafiri katika bahari ya Mediterania, pwani ya Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi. Miaka hiyo alijionea kwamba adui mkubwa wa baharia hakuwa mzinga wala dhoruba. Maradhi yaliua watu wengi kuliko vita, na ugonjwa ulioogopwa kuliko mengine katika safari ndefu ulikuwa kiseyeye.

Kiseyeye huanza polepole. Mtu huchoka bila sababu, viungo vinamuuma, miguu inavimba. Fizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea na kung'oka. Madoa ya damu hutokea chini ya ngozi. Vidonda vya zamani vilivyokwisha kupona hufunguka tena. Asipopata tiba, mgonjwa hufa.

Mwaka 1740 kamanda George Anson aliondoka Uingereza na kundi la meli kuizunguka dunia. Aliporudi mwaka 1744, zaidi ya watu 1,000 kati ya waliotoka naye walikuwa wamekufa, na wengi wao waliuawa na kiseyeye. Habari hiyo iliishtua nchi nzima, na Lind alikuwa miongoni mwa walioguswa nayo.

Mabaharia wengine walishaonja tiba pwani yetu

Habari ya matunda na kiseyeye haikuanza na Lind. Mwaka 1498 meli za Vasco da Gama zilipofika Mombasa, mabaharia wengi walikuwa wagonjwa. Kumbukumbu ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wao, inaeleza kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa, na kwamba wagonjwa walipata nafuu. Mwandishi huyo alidhani ni hewa nzuri ya Mombasa iliyowaponya. Lakini mwaka uliofuata, waliporudi kutoka India wakiwa hoi kwa kiseyeye, walifika Malindi na kumtuma mtu nchi kavu kutafuta machungwa, kwa maana wagonjwa waliyatamani sana.

Mwaka 1601 nahodha Mwingereza, James Lancaster, aliwapa watu wa meli yake vijiko vya maji ya limau kila asubuhi, na walikaa na afya kuliko wenzao wa meli nyingine. Hata hivyo, ujuzi huo haukushika mizizi. Kila nahodha alikuwa na dawa yake, na kila daktari alikuwa na maelezo yake. Hakuna aliyekuwa ameziweka dawa hizo pamoja na kuzilinganisha.

Wagonjwa 12, tiba sita

Mwaka 1747 Lind alikuwa daktari wa meli ya kivita iitwayo Salisbury. Mwezi Mei, baada ya wiki kadhaa baharini, kiseyeye kiliingia melini. Lind alichagua wagonjwa 12 ambao hali zao zilifanana kadiri ilivyowezekana. Wote walikuwa na fizi zilizooza, madoa ya ngozi, uchovu na magoti yasiyo na nguvu. Aliwalaza mahali pamoja na kuwapa chakula kimoja: uji wenye sukari asubuhi, supu ya kondoo, na vyakula vingine vya wagonjwa. Kisha akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa tiba yake.

Jozi ya kwanza ilikunywa maji ya tufaha yaliyochachushwa, takriban lita moja kwa siku. Ya pili ilipewa matone 25 ya tindikali ya salfa iliyozimuliwa, mara tatu kwa siku. Ya tatu ilikunywa vijiko viwili vya siki mara tatu kwa siku. Ya nne, iliyokuwa na wagonjwa mahututi zaidi, ilikunywa maji ya bahari. Ya tano ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Ya sita ilipewa donge la dawa lenye kitunguu saumu, mbegu za haradali, manemane na vitu vingine, pamoja na maji ya shayiri.

Matunda yaliisha baada ya siku sita tu, kwa kuwa meli haikuwa na akiba zaidi. Lakini siku hizo zilitosha. Mmoja wa wale wawili waliokula machungwa na limau alikuwa tayari kurudi kazini. Mwenzake alipata nafuu kuliko wagonjwa wengine wote, na akawekwa kuwauguza. Waliokunywa maji ya tufaha walipata nafuu kidogo. Wengine walibaki vilevile au kuzidiwa.

Leo jaribio hilo linatajwa katika vyuo vya udaktari kama moja ya majaribio ya mwanzo yaliyolinganisha tiba kwa haki. Lind hakutegemea sifa wala ushuhuda wa mtu mmoja. Alichukua wagonjwa wanaofanana, akawalisha chakula kinachofanana, akabadilisha kitu kimoja tu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya dawa iliyopimwa na dawa iliyosifiwa.

Kosa lililotokea juu ya moto

Lind aliacha kazi ya melini mwaka 1748, akapata shahada ya udaktari Edinburgh na kufungua kazi yake mwenyewe mjini humo. Mwaka 1753 alitoa kitabu kikubwa kuhusu kiseyeye chenye kurasa zaidi ya 400, akakitabaruku kwa Anson. Habari ya wale wagonjwa 12 ilichukua kurasa chache tu katikati ya kitabu hicho. Lind mwenyewe hakuamini kwamba kiseyeye ni upungufu wa kitu fulani katika chakula. Aliamini kwamba unyevu na baridi ya melini huziba vitundu vya ngozi, jasho haliwezi kutoka, na mwili unaharibika kwa ndani.

Palikuwa na tatizo lingine la kweli. Machungwa huoza, na meli inaweza kukaa baharini miezi mingi. Lind akatafuta namna ya kuyahifadhi. Alishauri maji ya machungwa na malimau yachujwe, yawekwe katika bakuli la udongo juu ya maji ya moto, na yaachwe kwa saa nyingi mpaka yapungue na kuwa mazito kama asali. Kisha yatiwe katika chupa. Baharia akihitaji, achanganye na maji anywe. Alidhani nguvu yote ya tunda ingebaki ndani ya chupa hiyo ndogo.

Hakulipima wazo hilo kama alivyowapima wale wagonjwa 12. Leo tunajua kilichotokea. Kinachoponya kiseyeye ni vitamini C, nayo huharibiwa na moto, hewa na kukaa muda mrefu. Saa zile nyingi jikoni ziliondoa sehemu kubwa ya vitamini hiyo, na wiki za kukaa kwenye chupa zikaondoa nyingine. Dawa hiyo nzito ilipojaribiwa melini haikuonyesha nguvu. Nahodha maarufu James Cook, aliyesafiri miaka ya 1768 hadi 1779, hakuiamini. Alisifia zaidi kimea cha shayiri na usafi wa meli. Wakubwa wa jeshi la majini wakaona machungwa na malimau ni gharama isiyo na faida.

Hivyo mtu aliyeionyesha dunia tiba ndiye aliyesaidia kuifanya isiaminike. Hakufanya hivyo kwa nia mbaya. Alitaka tu juisi ikae.

Miaka ya Haslar

Mwaka 1758 Lind aliteuliwa kuwa daktari mkuu wa hospitali ya Haslar, karibu na Portsmouth. Ilikuwa hospitali mpya na kubwa ya jeshi la majini. Katika miaka miwili ya mwanzo ilipokea wagonjwa wa kiseyeye zaidi ya 1,000. Alikaa hapo miaka 25.

Alifanya mengi mema. Alisisitiza vijana wanaoandikishwa jeshini waogeshwe na wapewe nguo safi kabla ya kuingia melini, jambo lililopunguza homa zilizoenezwa na chawa. Alionyesha kwamba maji ya bahari yakichemshwa na mvuke wake kukusanywa, hutoa maji matamu ya kunywa. Mwaka 1768 alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya nchi za joto, na kikachapwa tena mara kadhaa. Alistaafu mwaka 1783, na mwanawe John akashika nafasi yake. Akafa Julai 1794 akiwa na miaka 77.

Mwaka huo huo wa 1794 meli iitwayo Suffolk ilisafiri hadi India, na watu wake walipewa maji ya limau kila siku. Ilifika bila kiseyeye kuwaangusha. Mwaka 1795, kwa msukumo wa daktari Gilbert Blane na wenzake, jeshi la majini la Uingereza likaagiza mabaharia wapewe maji ya limau. Ilikuwa miaka 42 tangu kitabu cha Lind kitoke, na mwaka mmoja tangu azikwe. Katika miaka hiyo mabaharia waliendelea kufa.

Siri yenyewe ilijulikana katika karne ya 20. Mwanasayansi wa Hungary, Albert Szent-Györgyi, ndiye aliyeitenga vitamini C, na baadaye aliipata kwa wingi kutoka kwenye pilipili za nchini kwake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Mbuzi na mbwa hutengeneza vitamini hiyo wenyewe mwilini. Binadamu hawezi, lazima aile.

Jikoni kwako

Kisa cha Lind kinatupa kanuni ya kwanza kwa anayeanza kukamua juisi: kamua, kunywa. Usichemshe juisi ili ikae. Usikamue ndoo ya wiki nzima. Ikibidi kuihifadhi, iweke kwenye chombo safi chenye mfuniko, ijae hadi juu ili hewa iwe kidogo, kaa nayo kwenye friji, na uimalize ndani ya siku moja.

Si lazima uanze na mashine ya bei kubwa. Kwa machungwa na malimau, kamulio la mkono linatosha. Blenda inafaa kwa embe, papai, pera na nanasi. Mashine ya kukamua hutenga maji na makapi, na makapi hayo ndiyo yenye nyuzinyuzi zinazosaidia choo na kuzuia sukari kuingia kwenye damu kwa kasi. Ukitumia blenda bila kuchuja sana, unabaki na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo.

Osha mikono, osha matunda kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuyamenya, na osha blenda mara tu baada ya kuitumia. Kama unaongeza maji au barafu, maji hayo yawe yamechemshwa na kupozwa. Juisi nyingi zinazoleta kuhara haziharibiwi na tunda, bali na maji na chombo.

Anza na michanganyiko rahisi: karoti mbili, chungwa moja na kipande cha tangawizi, nanasi na tango, au pera lililosagwa na kuchujwa mbegu. Pera ni tunda tunalolidharau, lakini moja tu huweza kumpa mtu mzima vitamini C ya siku nzima, na uzito kwa uzito lina vitamini hiyo nyingi kuliko chungwa. Usiongeze sukari.

Limau lina kazi nyingine mezani. Likamulie juu ya mchicha au maharage unapokula. Vitamini C huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivyo, jambo muhimu kwa mama mjamzito na mtoto mwenye upungufu wa damu.

Kiasi na tahadhari

Wale mabaharia wa Lind walikula machungwa mawili na limau moja kwa siku, wala si lita mbili. Glasi moja ya juisi ya machungwa hutokana na machungwa matatu au manne, na ina sukari ya takriban vijiko vitano vya chai. Ni sukari ya tunda, lakini ikishatengwa na nyuzinyuzi zake mwili huipokea kama sukari nyingine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi pamoja na zile zinazopaswa kupunguzwa. Tunda zima linabaki kuwa bora kuliko juisi yake.

Kwa watoto, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri hivi: chini ya mwaka mmoja, asipewe juisi kabisa. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu, isizidi nusu glasi kwa siku, yaani mililita 120. Miaka minne hadi sita, isizidi mililita 180. Kuanzia saba, glasi moja ya mililita 240. Ampe kwa kikombe, si kwa chupa ya kunyonya, kwani meno huoza. Na mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi yenye sukari ya kipimo, yanayotolewa hospitali, pamoja na zinki. Juisi tamu inaweza kuzidisha kuhara.

Mwenye kisukari ale tunda badala ya kunywa juisi yake, isipokuwa sukari yake ikishuka ghafla. Hapo nusu glasi ya juisi humsaidia haraka. Mwenye ugonjwa wa figo asianze juisi bila kuzungumza na daktari wake, kwa sababu machungwa, ndizi, nyanya na mboga za majani zina potasiamu nyingi, na ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani anachotumia. Balungi nalo hugongana na baadhi ya dawa za presha na za kupunguza mafuta kwenye damu, muulize mfamasia.

Ugonjwa mmoja, dawa moja

Maji ya limau yaliponya kiseyeye kwa sababu kiseyeye ni njaa ya vitamini C. Kiseyeye bado kipo. Kimeonekana katika kambi za wakimbizi za Pembe ya Afrika miaka ya 1980, ambako watu walikula nafaka za msaada bila matunda wala mboga, na huonekana kwa watoto wanaokataa vyakula vyote isipokuwa kimoja au viwili. Mtoto wa namna hiyo akianza kutokwa damu kwenye fizi na kukataa kutembea kwa maumivu ya miguu, mpeleke hospitali na uwaeleze anachokula.

Lakini maji yale yale ya limau hayakuponya malaria wala homa nyingine zilizojaza vitanda vya Haslar. Lind alikuwa na malimau, na bado alitumia dawa nyingine kwa magonjwa mengine. Kwa hiyo mtu akikuambia juisi fulani inaponya kisukari, presha au saratani, muulize swali ambalo Lind angeuliza: walipewa wangapi, na wenzao waliofanana nao ambao hawakupewa walikuwaje? Kama hana jibu, kunywa juisi yako kwa ladha na kwa afya, na uendelee kumeza vidonge vyako kama ulivyoandikiwa.